Santuri ya Moto wa Kati

Mkonge ukikwanguliwa hunuka. Asikudanganye mtu aliyeuona kwenye picha, umejipanga mistari mirefu ya kijani, akadhani ni bustani. Majani yakishapita mashineni na kutolewa nyuzi, yanayobaki ni makapi na maji yenye povu, yanashuka mferejini polepole huku yanachacha, na harufu yake ni ya pombe iliyoharibika ndani ya zizi la ng'ombe. Mimi nilizaliwa ndani ya harufu hiyo, kwenye kambi ya shamba moja la mkonge si mbali na Korogwe, na kwa kuwa nilizaliwa humo sikujua kwamba tunanuka mpaka siku nilipopanda treni kwenda Tanga na mama mmoja akahama kiti. Mashine yenyewe tuliiita korona. Si hii ya juzi iliyotufungia ndani na vitambaa mdomoni. Ile yetu ilikuwa ya chuma, ilinguruma tangu alfajiri, na haikumkohoza mtu, ilikula vidole. Kambini kwetu ukimpa mwanamume mkono ulizoea kukuta pengo, wala hukuuliza.

Baba yangu alifanya kazi kwenye korona hiyo, na jioni alipiga tarumbeta. Alijifunza jeshini enzi za Mwingereza, akarudi na tarumbeta na goti bovu, na katika hivyo viwili alichokitunza ni tarumbeta. Alilisugua kwa majivu na ndimu mpaka ukajiona humo pua imevimba kama kiazi. Shamba lilikuwa na bendi ya watu saba, ikipiga dansi bwaloni kila Jumamosi, na baba ndiye aliyetangulia kwa tarumbeta. Sasa fahamu jambo moja: tarumbeta lina vibonye vitatu, na vibonye vitatu vinataka vidole vitatu vya mkono wa kulia, mkono ule ule unaoisogelea mashine mchana kutwa. Mama alikuwa akimtazama baba anapokula ugali, haangalii sahani, anaangalia mkono. Ukiwa mtoto unaona mambo kama hayo na hakuna anayekueleza, lakini unajua.

Nilipokuwa na miaka tisa serikali ilishayachukua mashamba, Mgiriki wetu mwenye shamba akaondoka, akaja meneja mpya, Mswahili mwenzetu, suruali imepigwa pasi ukiigusa inakukata. Aliikuta nyumba ya Mgiriki na vyombo vyake, pamoja na mashine ya kupigia santuri, kabati kubwa la mbao lenye miguu minne. Yeye mwenyewe alikuja na santuri moja aliyoipenda kuliko mkewe, na maneno hayo alisema mkewe, si mimi. Ilikuwa santuri pana, si kama zile ndogo za dansi tulizozoea. Kwenye jalada lake kulikuwa na mzungu mwembamba ameshika tarumbeta, mashavu yamebonyea, macho kama ya mtu aliyeamshwa kwa nguvu, na nyuma yake wanaume wamevaa kofia pana kama ungo. Jina la yule mzungu nalijua sasa lakini sitaliandika. Ana watoto wake na wajukuu wake, nao wana masikio.

Meneja alikuja bwaloni Jumamosi moja mwanzo wa masika, dansi ikasimama, akasema mbele ya watu: "Bendi hii ina kelele tu, haina kiongozi. Ninayo santuri nyumbani. Jumapili ya pili baada ya Pasaka nitaileta hapa. Atakayepiga wimbo wake wa kwanza kama ulivyo, nampa bendi, na namtoa kwenye korona namweka stoo." Watu wakapiga makofi. Baba hakupiga. Alikuwa ameukunja mkono wa kulia kwapani kama mtu anayesikia baridi, na mimi nilimwona. Waliokuwa na uwezo wa kujaribu walikuwa wawili, baba na kijana mmoja aitwaye Stefano, aliyekuwa karani wa mizani. Stefano aliingia ofisini kwa meneja kila siku, na jioni alikaribishwa sebuleni akaisikiliza santuri akiwa amekalia kiti. Baba alitoka korona jua limezama, nguo zinanuka, na mtu anayenuka mkonge hakanyagi zulia la meneja.

Lakini mpishi wa meneja alikuwa mjomba Eliasi, kaka yake mama. Alimpikia Mgiriki miaka mingi na sasa anampikia huyu. Mjomba akasema, "Shemeji hawezi kuingia mchana, yuko kazini. Jioni yupo mwenyewe meneja. Nileteeni huyu mtoto asubuhi, kichwa chake kinashika." Na kweli kilishika. Wimbo ukinipita mara mbili nilikuwa nao kama nimeushona. Basi ikapangwa hivi: mimi nisiende shule, niende jikoni kwa meneja na kibakuli cha tembele kana kwamba nimetumwa kuuza mboga, meneja akishatoka kwenda mashambani mjomba anaiweka santuri, nasikiliza, na jioni namwimbia baba. Mwalimu alituma mtoto kuniita mara mbili, mama akajibu naumwa tumbo. Nilikuwa darasa la tatu.

Sijui kama nitaweza kukueleza jinsi ile asubuhi ya kwanza ilivyokuwa. Mjomba alifuta mikono kwenye aproni, akafungua kabati, akashika kijiti kidogo cha pembeni akakisogeza kwa vidole viwili kama anavyosawazisha utambi wa jiko, kisha akashusha sindano. Nilikuwa nimesimama mlangoni, mguu mmoja jikoni, mguu mmoja kwenye zulia. Kwanza zilikuja gitaa, zinakimbia kama kuku waliotupiwa mahindi. Halafu matarumbeta, mawili matatu pamoja, yanabishana kama dada wanaogombea kanga. Halafu likaja moja peke yake, jembamba, kali, juu kabisa, likapita vichwani mwa mengine yote bila kupumzika. Hakukuwa na neno la kuimbwa hata moja. Nilijiuliza hawa watu wa kofia ni wa wapi, wanakula nini, mbona furaha yao ina haraka hivyo. Nilimuuliza mjomba. Akasema, "Ni wa nchi ya pilipili. Sikiliza, usiniulize, nina wali motoni."

Jioni nilimwimbia baba nyuma ya nyumba, kwa ta-ra-ri, kwa kupiga magoti yangu kama ngoma. Alinisikiliza amefumba macho, kisha akaanza kutafuta. Siku ya kwanza alicheka. "Huyu mzungu ana midomo ya chuma." Siku ya tano hakucheka. Siku ya kumi midomo ilikuwa imepasuka, mama anaipaka samli, baba anaifuta na kuanza tena. "Rudia hapo, mama," ananiambia, maana nilipewa jina la mama yake. "Hapo anapopanda. Una hakika anapanda mpaka huko?" Namwambia, "Anapanda, baba." "Na anapumua saa ngapi?" Namwambia, "Hapumui." Kesho yake narudi tena kwa mjomba kusikiliza kama anapumua, na kweli, sikusikia pumzi. Mdogo wangu Yohana, miaka saba, amekaa juu ya kinu anatucheka: "Dada, umemmezesha baba nyuki!" Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini baba yangu alikuwa anataka cha darini na hana ngazi, ngazi yake ilikuwa mimi.

Mpaka Pasaka inapita alikuwa ameushika. Si mara zote, lakini aliushika. Majirani wakaacha kulalamika wakawa wanakuja na vigoda vyao. Siwezi kujisifu kwa mambo mengi, ila hili nitajisifu: nilikuwa nimebeba wimbo mzima kichwani kutoka nyumba kubwa hadi kambini, kilomita mbili, siku baada ya siku, na sikumwaga tone.

Jumapili yenyewe bwalo lilijaa mpaka madirishani. Mjomba hakuwepo, alikuwa anapikia wageni wa meneja. Stefano alitangulia. Alipiga polepole, chini, laini, kama mtu anayebembeleza mtoto asiye wake, nami nikafurahi moyoni, nikasema huyu kapotea kabisa. Akasimama baba. Akalamba midomo, akainua tarumbeta, akaachilia. Nakwambia watu walisimama. Wanawake walipiga vigelegele, mzee wa ngoma aliyekuwa amekaa tu akamfuata kwa viganja juu ya benchi, na baba akapanda pale juu alipokuwa akishindwa, akapita, akashuka upande wa pili damu ikiwa kidevuni. Kelele zilipokwisha meneja alikuwa anatabasamu, lakini tabasamu la kumwonea mtu huruma. "Mzee wangu," akasema, "umekimbia kama unafukuzwa na nyuki. Na umepanda mno. Sikilizeni wote."

Vijana wakalisogeza lile kabati, maana lilikuwa limeletwa, na meneja akaweka santuri kwa mkono wake mwenyewe. Ikaanza. Ulikuwa wimbo wangu na haukuwa wimbo wangu. Uliburuza miguu. Tarumbeta lile kali lilikuwa limeshuka chini, limekuwa na huzuni, linapita polepole kama mtu anayerudi kutoka mazishini. Ni Stefano mtupu. Watu wakaanza kucheka kidogo kidogo. Mmoja akauliza, "Nani aliyemfundisha huyu mzee?" na Yohana, kwa ujinga wa utoto, akanyoosha kidole: "Dada!" Meneja akanitazama, akasema kwa upole, na huo upole ndio ulionichoma: "Aa, basi. Sauti ya mtoto iko juu, na mtoto ana haraka. Amekimbia na wimbo." Ikawa imekwisha. Stefano akapewa bendi na stoo. Baba alinishika mkono tukarudi nyumbani, na ule wimbo hakuutaja tena maisha yake yote. Mwaka uliofuata, kabla mvua hazijaanza, korona ilimkata vidole viwili vya mkono wa kulia. Tarumbeta akalipeleka kanisani, akalikabidhi kwa padri kama anayezika.

Shule sikurudi. Wengine watakwambia ni umaskini, au ni mila. Mimi ilikuwa aibu. Mtoto aliyeshindwa kubeba wimbo atabeba nini tena? Kusoma nilijifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, na mtoto mgongoni. Na Yohana aliukuza ule mzaha tukakua nao. Kwenye harusi akiniona nimebeba sufuria: "Msimpe dada, huyu hata wimbo ulimmwagikia." Watu wanacheka na mimi nacheka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mara moja tu, tulipogombana juu ya kiwanja cha marehemu baba, aliniambia bila kucheka: "Vidole vya baba uliviponza wewe." Kesho yake aliomba radhi kwa kuniambia hivyo. Lakini hakusema si kweli, na mimi sikumwambia si kweli, kwa sababu nilijua ni kweli.

Sasa niko New Hope, nje kidogo ya Minneapolis, Marekani, ghorofa ya tatu, kwa binti yangu anayefanya kazi ya kuuguza wazee huko Burnsville na kurudi amechoka kuliko hao wazee. Ana binti wa miaka kumi na minne, Neema, na nitamsifu hata usiponiuliza: anapiga tarumbeta kwenye bendi ya shule, kiti cha kwanza, cha anayeongoza matarumbeta, amewapita wavulana wenye vifua kama milango. Sikumwambia achague tarumbeta. Siku aliyolileta nyumbani nilikwenda bafuni nikafungua maji. Kiswahili anakisikia chote, ila hujibu kwa Kiingereza, na nikinuna ananitupia maneno mawili matatu kama anavyomtupia paka kipande cha samaki. Siku hizi vijana wa hapa wamerudia santuri, naye alipewa mashine yake kwenye siku ya kuzaliwa. Jumamosi moja ya Machi, theluji chafu bado imelundikana kando ya maegesho, mama yake alimpeleka asubuhi na mapema kwenye duka la vitu vilivyotumika huko Golden Valley, akarudi na santuri sita. Ya nne nilipoiona jaladani nilikaa chini. Mashavu yamebonyea. Kofia kama ungo.

Alinisomea maandishi ya nyuma, kisha akaitafuta habari yake kwenye simu, kwa kuwa nilimng'ang'ania: ni nani huyu, kwa nini amevaa uso wa msiba kwenye santuri ya shangwe? Alikuwa bingwa wa jazi, anasema Neema, mtu aliyeheshimiwa. Halafu maisha yakamvuruga, akahitaji kula, na kampuni ikampa nyimbo za watu wengine zilizovuma redioni azipige kwa mtindo wa mariachi, bendi za Meksiko, kwa sababu wakati huo matarumbeta ya namna hiyo ndiyo yaliyouzika. Wajuzi wanasema ndiyo kazi mbaya kuliko zote alizowahi kufanya. Nikamwambia arudie hapo. Mbaya kuliko zote? Baba yangu alipasuka midomo kwa ajili ya kazi hiyo! Alichokishukia yule, baba alikuwa anakipanda.

Neema akaiweka. Ikaburuza miguu, vile vile kama bwaloni. Nikamwambia, "Ndiyo hiyo. Ndiyo hiyo iliyonifedhehesha," na nikamsimulia yote, mambo ambayo hata mama yake hayajui. Alinisikiliza mdomo wazi. "Bibi," akasema, "imba. Imba ile ya kwako." Nikaona haya, mwanamke wa umri wangu. Nikaimba, ta-ra-ri, magoti yakiwa ngoma. Hakumaliza kunisikiliza. Akainama kwenye mashine, akasema, "Wait, Bibi," akakishika kijiti kidogo cha pembeni kwa vidole viwili, akakisogeza.

Gitaa zikakimbia kama kuku. Matarumbeta yakabishana. Na lile moja likatoka juu, jembamba, kali, bila pumzi, pale pale nilipokuwa nimeliacha na miguu yangu, mmoja jikoni mmoja kwenye zulia. Haikupungua hata chembe kutoka niliyoiimba. Neema akanieleza kwa vidole: kijiti kina namba, thelathini na tatu ni mwendo wa santuri pana, arobaini na tano ni wa zile ndogo, sabini na nane ni wa zile za kale. Ndipo nikaiona tena aproni ya mjomba, nikayasikia maneno niliyokuwa nimeyasahau kabisa, aliyoyasema asubuhi moja nilipomuuliza anasogeza nini: "Hiki ni cha moto. Thelathini na tatu moto mdogo, wali hauivi. Sabini na nane unaunguza. Sisi tunaweka moto wa kati, kama siku zote." Mpishi. Tangu kwa Mgiriki hakuwahi kupiga ila santuri ndogo. Aliona namba akadhani jiko. Na akimaliza alikirudisha mahali pake, asijulikane.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Kwangu mjukuu alikuja akayaondoa. Nilimwambia apunguze tena mwendo, nikaisikiliza ile ya polepole kwa mara ya kwanza bila woga, na ndani yake, katikati ya tarumbeta, nikamsikia yule mtu akivuta pumzi. Mara nyingi tu. Anapumua kama sisi. Mwanamke wa Kimeksiko wa ghorofa ya chini alikuwa amepanda kurudisha bakuli langu, akasikiliza, akacheka, akasema hawa si wa kwao, wa kwao hawapigi kwa unyonge namna hiyo. Basi, si ya Wameksiko, si ya mwenyewe aliyeipiga, na ile ya baba haikuwepo duniani mpaka baba alipoipiga.

Usitarajie nikwambie zamani ilikuwa bora. Zamani kosa likiingia nyumbani lilikaa, likala nasi, likazeeka. Neema akikosea noti moja saa nne, saa tano ameshaiuliza simu yake na ameshasahau. Ana mwalimu, ana mashine, ana vidole kumi, na hakuna atakayemtuma akasikilize mlangoni. Ninamwonea wivu na ninamshukuru Mungu, yote mawili asubuhi moja. Sisi tulipewa nafasi moja, Jumapili moja, kwa masikio ya mtoto mmoja, na yale masikio, nataka iandikwe, yalikuwa mazima.

Huko Korogwe ilikuwa jioni tayari. Neema alirekodi ule wimbo kwa mwendo wa arobaini na tano, tukamtumia Yohana kwenye simu, bila maelezo. Akapiga haraka. "Dada, umempata wapi baba?" Sauti yake ilikuwa ya yule mtoto wa miaka saba. Nikamwambia si baba, ni santuri, ndivyo ilivyokuwa ikisikika kwa mjomba, na nikamweleza habari ya kijiti na moto wa jiko. Kisha akaanza: "Dada. Basi, dada yangu, naomba unisamehe." Siku hizi watu wanataka kila kitu papo hapo, na msamaha nao wanataka uletwe mlangoni kama pizza. Nilimwambia, "Nimekusikia, mdogo wangu. Nipigie Jumapili, baada ya ibada." Akauliza, "Leo hutaki?" Nikamjibu, "Nataka. Lakini ngoja na wewe kidogo, uone kunavyokuwa."